Pawpaw Hajagunduliwa na Mtu, Acheni Hizo

Wadau, hii ya kusema eti mtandao ndio "umemgundua" Pawpaw imenichosha. Tangu 2019, sura yake na ya Aki zilipoanza kuzagaa Twitter dunia nzima, kila mtu kajifanya mjuzi. Stika kwenye simu anazo kumi. Muulize jina lake halisi, kimya.

Anaitwa Osita Iheme. Mwenzake ni Chinedu Ikedieze. Filamu yao ya Aki na Ukwa ilitoka 2002, na huku kwetu kazi zao ziliangaliwa kwenye vibanda umiza mpaka CD zikakwaruzika. Pawpaw alikuwa na miaka kama 20. Ishirini, jamani! Mtu mzima anaigiza mtoto mtukutu, na ukimtazama vizuri habani sauti tu ili aonekane mtoto. Anakaa kimya kwanza, anakupima, halafu anaachia neno la dharau taratibu kama mzee wa baraza anayeamua kesi ya ng'ombe. Hapo ndipo alipotukamata. Alisema yale ambayo wakubwa hawataki kuyasikia, kisha akakimbia kabla fimbo haijafika. (Kiingereza chenyewe nusu hatukukielewa. Tulicheka hivyohivyo.)

Sasa stika inabeba nini? Sekunde mbili. Sauti hakuna, ule ukimya hakuna, na Aki anayempa nafasi ya kuuma kakatwa pembeni. Kinachobaki ni "kadogo kana sura ya kizee", yaani mnacheka umbo la mtu halafu mnaita ushabiki. Na ukiituma mara mia kwenye magrupu, yeye haingiziwi hata mia.

Najua mtasema bila stika wasingeirudia ile filamu 2021. Inawezekana, na kazi kurudi ni jambo zuri. Ila huyu alipewa tuzo ya heshima ya African Movie Academy 2007, na 2011 serikali ya Nigeria ikamvalisha nishani ya taifa. Hakuwa kijiweni akisubiri mtu aliyeko Marekani amposti.

Wa kulaumiwa zaidi ni sisi. Tulimwona mapema, tukamwita wa kishamba enzi tunajifanya tumekua, halafu wazungu walipocheka ndipo tukarudi kumpenda kwa kelele.

Wikiendi hii weka stika pembeni, tafuta Aki na Ukwa, itazame yote. Ikikuboa, njoo tubishane.