Kanzidata ya "baba mwenye kaya" haifai Nduta wala Nyarugusu

Jamani, leo tuziache kidogo siasa za Dar tuongee kuhusu majedwali ya kompyuta. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Lakini huko Kasulu na Kibondo, jedwali likichorwa vibaya kuna mtu analala njaa, kwa hiyo nivumilieni.

Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokuwa wakimiminika baada ya vurugu za Aprili mwaka ule. Wakimbizi huandikishwa katika kanzidata ya UNHCR iitwayo proGres, ambayo historia yake inaanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila mtu ana rekodi yake, hilo nakubali. Ugomvi wangu ni kamba zinazounganisha hizo rekodi. Katika matoleo ya awali watu waliwekwa kwenye kundi, kundi likapewa mkuu, na waliobaki wakaandikwa wao ni nani KWAKE: mke, mtoto wa kiume, binti, mdogo wake.

Sasa wewe uliyesoma kompyuta pale Mlimani niambie, mtoto na mama yake wameungana wapi hapo? Jina la mama laweza kuandikwa pembeni kama maneno tu, lakini kamba yenyewe inapita kwa baba. Mwenye wake wawili, watoto wote wanasomeka wake, basi. Siku ndoa ikivunjika, mama anaanza kutafuta ushahidi kwamba watoto aliowazaa mwenyewe ni wake, huku kadi ya mgao iko mfukoni kwa bwana.

Toleo la 4 lilipokuja, "mkuu" akapewa jina la kistaarabu zaidi, mtu wa kuwasiliana naye. Anaweza kuwa mwanamke pia. Vizuri! Ila bado kila mtu anaulizwa yeye ni nani kwa huyo mmoja.

Utetezi wa kawaida ni huu: mkiruhusu kadi kugawanywa ovyo, watu watajigawa ili wapate zaidi. Zaidi ya nini? Chakula hupimwa kwa kichwa. Watu 7 kwenye kadi moja au mbili ni mgao wa watu 7. Kinachoongezeka ni vitu vya kaya: sufuria, ndoo, kibanda. Kwa maneno mengine tunalinda sufuria kwa unga wa mtoto. Na WFP wenyewe, katika ahadi zao kwa wanawake za 2003, walishakubali kadi ziandikwe majina ya wanawake. Sasa kadi ikiwa na jina la mama na kanzidata nyuma yake ina umbo lile lile la zamani, tumebadilisha karatasi tu.

Ninachotaka si miujiza. Uhusiano uwe rekodi inayojitegemea: nani, kwa nani, wa aina gani, tangu lini, umekoma lini, nani kathibitisha. Mtu awe nao mingi apendavyo. Ndoa ikifa usiifute, ifunge kwa tarehe. Na wanaokula chungu kimoja liwe jambo tofauti kabisa na nani ni ndugu wa nani. Kirundi kina neno umuryango, na familia hiyo ni pana kuliko watu wanaoingia kwenye kadi moja.

Msije mkadhani fundi atakaa Geneva aandike programu ya kuhamisha rekodi usiku mmoja. Haiwezekani. Rekodi ya zamani haijui mtoto yupi ni wa mke yupi, na kompyuta haiwezi kubahatisha. Lazima watu waulizwe upya, wanawake peke yao bila waume kusimama mlangoni, na mama aliyejitenga asionekane alipo pale bwana anapokuja dirishani. Ni kazi ya miezi, na ina gharama. Ifanyike.

Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa mpango wa kurudi kwa hiari. Mume anasema tunarudi Ruyigi. Mke, akiulizwa peke yake kama inavyopaswa, anasema mimi siendi. UNHCR watuambie: hiyo "siendi" inaandikwa wapi kwenye hilo kundi, na wale watoto watatu wanapanda basi na nani?