Sabufa, Spika na Jirani: Tununue Sauti Safi, Si Sauti Kubwa



Ukiingia sebuleni kwa waamini wengi wa Temeke na Kinondoni, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, chini ya televisheni utaikuta sabufa. Ina boksi kubwa la besi, spika ndogo mbili au zaidi pembeni, na taa zinazowakawaka. Kijana akipata ajira, au mzazi akikamilisha mzunguko wa vikoba, wazo la kubadilisha muziki wa nyumbani huja mapema. Hapo ndipo swali huzuka: je, ni halali kwa Mkristo kutumia fedha yake kununua spika bora zaidi, wakati za zamani bado zinalia?

Sisi tunaona ni halali, na wakati mwingine ni jambo jema. Lakini inategemea kama tunanunua ubora au tunanunua ukubwa. Hivi ni vitu viwili, na madukani Kariakoo huuzwa kama kimoja.

Tuanze na wema wenyewe. Kanisa halikuwahi kuiogopa spika. Papa Pius XI alizindua Redio Vatikano tarehe 12 Februari 1931, mitambo ikiwa imejengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Kwetu, Jimbo Kuu la Dar es Salaam lina Radio Tumaini tangu 1994, na Radio Maria Tanzania ilianza 1996. Bibi mgonjwa wa Tandika asiyeweza tena kupanda daladala kwenda parokiani anapata Misa na Rozari kupitia spika. Kama spika hiyo inakoroma hata maneno ya somo hayaeleweki, kuibadilisha si anasa. Ni kumtendea mgonjwa haki.

Kisha kuna kwaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliuita muziki mtakatifu hazina. Hazina hiyo kwetu ina majina tunayoyajua: tungo za John Mgandu, za Bernard Mukasa, na sauti za kwaya kama Mtakatifu Kizito Makuburi. Nyimbo hizi zimeandikwa kwa sauti nne, na wanakwaya wengi hujifunza kwa kusikiliza rekodi nyumbani. Hapa sabufa ya kawaida inatuangusha. Spika zake za pembeni ni ndogo mno kutoa vizuri sauti za chini ya hezi 200 hivi, na boksi la besi limetengenezwa kwa ajili ya kishindo. Katikati panabaki shimo. Katika shimo hilo ndimo zinamoishi sehemu kubwa ya sauti za tenor na besi za wanaume, na noti za chini za alto. Kinachobaki ni soprano juu na mdundo chini. Mwanakwaya wa alto anayejifunza hivyo anafika mazoezini akiimba soprano, na mwalimu anamlaumu bure.

Spika mbili za ukubwa wa wastani, zenye koni ya inchi 5 au 6 na twita yake, hujaza shimo hilo hata bila boksi la besi. Ndiyo maana tunasema ubora si ukubwa.

Sasa tuzungumzie namba zilizoandikwa kwenye boksi. Namba kubwa inayofuatwa na herufi PMPO haisemi nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, ambayo kwa kawaida ni ndogo zaidi. Hata hiyo isitutishe. Kuongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, nguvu inahitaji kuongezwa karibu mara kumi. Anayelipia wati nyingi kwa ajili ya sebule yenye makochi matatu, kwa sehemu kubwa analipia maandishi.

Kabla ya kufungua pochi, tunashauri jambo lisilo na gharama: tupange upya tulichonacho. Spika zikikaa kwenye kona, besi huvimba na kufunika maneno, kwa hiyo zisogezwe mbali kidogo na ukuta. Twita ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, si juu ya kabati. Umbali kati ya spika mbili ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji. Nyaya zikaguliwe: nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi kwa spika zote mbili, maana upande mmoja ukigeuzwa, besi hufifia na sauti hupoteza mahali pake. Kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi. Zulia, mkeka au pazia zito huupunguza. Wapo watakaogundua baada ya kazi hiyo kwamba hawahitaji kununua kitu.

Anayenunua spika za mtumba azikague kwa macho na kwa vidole. Ule mzunguko wa sponji unaoshika koni huoza kwa umri, joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili vya mwisho kwa wingi. Aende na wimbo anaoujua, wa kwaya, asikubali wimbo wa muuza duka wenye mdundo mtupu. Na ausikilize kwa sauti ya chini. Spika inayohitaji kupandishwa ili isikike vizuri si nzuri.

Hilo la sauti ya chini ndilo kiini cha hoja yetu, kwa sababu ya jirani. Nyumba zetu zimebanana. Ukuta wa chumba cha kulala cha mmoja ni ukuta wa sebule ya mwingine. Sauti ya hezi 50 ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, na ukuta wetu wa kawaida wa tofali huizuia kidogo sana. Maneno ya wimbo hubaki ndani, ila mdundo unavuka. Kwa hiyo jirani hapati hata faida ya kusikia sifa za Mungu. Anachopata ni kishindo, naye labda ametoka zamu ya usiku, ana mtoto mchanga, au kesho ana mtihani.

Sheria iko wazi kwamba kelele ni uchafuzi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015, na NEMC imekuwa ikizionya baa, kumbi na hata nyumba za ibada. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja kelele miongoni mwa mambo yanayoharibu maisha ya mijini. Lakini Mkristo asingoje afisa wa mazingira. Kumpenda jirani kunaanzia kwenye kitufe cha sauti, na wimbo kuwa wa dini hakumpi mtu ruhusa ya kukipandisha.

Kuna pingamizi tunaloliheshimu: kwamba fedha hiyo ingeweza kulipa ada ya mtoto wa ndugu, au kutegemeza jimbo. Ni kweli, na ada itangulie. Spika zinazonunuliwa kwa mkopo wa riba, huku mtoto amerudishwa nyumbani, hazina utetezi. Na hata fedha ikiwepo, moyo una hatari yake. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba alihangaika pale utamu wa uimbaji ulipomgusa kuliko kile kilichoimbwa. Anayebadilisha spika kila mwaka ajiulize anatafuta wimbo au anatafuta spika.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki. Spika mpya ni njema kama zinatuwezesha kupunguza sauti na bado kusikia alto, tenor na kila neno la somo. Zikitufanya tupandishe, tumenunua kelele kwa bei kubwa zaidi. Na hata zile njema zizimwe jumuiya inapokusanyika sebuleni, kwa sababu hakuna spika inayoweza kutoa ukimya. Nabii Eliya pale Horebu hakumkuta Bwana katika upepo mkali, wala katika tetemeko la nchi.