Mbwa Apendaye Mbio

Baba mmoja wa Kakontwe aliokota mbwa mchanga karibu na machimbo ya mawe ya chokaa. Sasa mnyama huyo huruka ua, hufukuza kuku, hutafuna viatu vya mama. Jirani wawili wamtaka: mmoja ana ua mkubwa na mnyororo, wa pili huenda shambani kwa miguu kila alfajiri.

Baba, umpe wa pili. Wale mbwa wa Kongo wasiobweka huwinda tangu kale, kengele ya mti shingoni. Kukimbia ndiyo kazi yao. Afungwaye kutwa kucha huweza kugeuka mkali, akauma watoto. Ila kwanza apigwe sindano ya kumkinga na kichaa cha mbwa, na mwenyeji mpya ajue kwamba hurudiwa. Kisha Jumapili nenda na wanao wakamwone, wamlilia mno.