ANAYESEMA MPIRA WA KINA DADA HAUNA WATU, ARUDI DARASA LA HESABU!

Kuna mchambuzi mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye kila ikitajwa FA ya wanawake kule Uingereza anacheka. Wimbo wake ni ule ule: mpira wa kina dada hauna watu, kwa hiyo wasilalamike kupewa hela ya mboga. Wapambe nao wanapiga makofi.

Haya, hesabu hizi hapa.

Mei 2023, fainali ya Kombe la FA la wanawake, Chelsea na Manchester United, iliingiza watu 77,390 pale Wembley. Chelsea wakashinda 1-0, wakapewa pauni laki moja. Na hiyo ni baada ya kelele nyingi, maana mwaka mmoja nyuma bingwa aliambulia pauni 25,000 tu! Juni ile ile ya 2023, uwanja ule ule, wanaume wa Manchester City wakabeba FA yao na kulamba pauni milioni 2.

Mara 20, wadau! Wembley nzima inabeba watu 90,000. Hao mashabiki mara 20 walikaa wapi, kwenye paa?

Atasema hela inatoka kwenye TV, siyo getini. Sawa, hapo ana hoja. Ila ajiulize kwa nini TV iliwakuta kina dada wako nyuma. Desemba 26, 1920, Dick, Kerr Ladies walicheza na St Helens pale Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu kama 53,000. Desemba 1921 FA wakapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu zao, eti mchezo hauwafai. Marufuku ikadumu karibu miaka 50! Wanaume walicheza fainali yao ya kwanza 1872, kina dada wakasubiri mpaka 1971.

Yaani umfunge mtu miguu nusu karne, halafu umcheke hajui kukimbia?

Na zawadi ya kombe haipangwi na shabiki wala TV. Wanaopanga ni FA, wale wale waliofunga mageti. Hilo ni deni lao, siyo kosa la mabinti.

Jamaa huyo kila wikiendi yuko ndani ya jezi ya Chelsea. Basi aivue au awaheshimu waliyoibebea kombe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mdau, unasemaje? Dondosha maoni hapo chini.