MTO USISINGIZIWE
Neno kwa wazamiaji na vibarua wa Garsen na Mto Tana

Ndugu wafanyakazi,

Kibarua akitumwa kuzama mtoni akafa, maneno ni yale yale: "Maji yamemchukua." Au, "Ni mamba." Au, "Siku yake ilifika." Nyapara huvua kofia, tajiri hutoa sanda na gunia la mchele, na keshoye kibarua mwingine huambiwa avue shati ashuke pale pale. Twasema leo: mto usisingiziwe. Mto haumtumi mtu. Mtu hutumwa na mtu.

Si mara ya kwanza maji ya huku kwetu kusingiziwa. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, kwenye mto huu huu, watu 11 waliokuwa kizuizini waliuawa kwa kupigwa na askari kwa sababu ya kukataa kazi ya shuruti. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema nini? Ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Basi sisi wa Tana tuna haki ya kuuliza mara mbili kila tuambiwapo kwamba maji yameua.

Kazi ya chini ya maji ipo, tena haitakwisha. Midomo ya pampu za mashamba huziba matope na magugu. Nguzo za madaraja hazina budi kutazamwa. Mashua hupinduka, kama ile iliyopinduka Kona Punda, karibu na Madogo, tarehe 28 Aprili 2024 wakati wa mafuriko. Waliozama hutafutwa. Je, nani huitwa? Huitwa kijana wa Kipokomo, naye huambiwa, "Wewe ni mtu wa mto, wewe huogopi maji." Ndugu, sifa hiyo ndiyo kitanzi. Kuogelea ni jambo moja, na kufanya kazi chini ya maji ni jambo jingine. Dereva hapewi gari bovu kwa kuwa anaijua njia.

Tazameni Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na watu wawili. Walitafuta wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji, wakaongezwa na wazamiaji kutoka Afrika Kusini, na gari halikutolewa ila tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa chini kiasi cha mita 58. Wananchi walikasirika kwa kungoja, nao walikuwa na haki kuudhika. Lakini hapana aliyesema, "Mtupeni kijana yeyote wa ufukweni, anajua maji." Taifa zima lilipokuwa likitazama, kazi ya kuzama ilikuwa kazi ya fundi mwenye vyombo. Kwa nini Garsen, mahali asipotazama mtu, iwe kazi ya mwenye njaa?

Wako waajiri wasemao, "Vema, tutamnunulia mtungi." Hapo pia tusidanganyike. Mtungi mkukuu mgongoni mwa mtu asiyefunzwa ni silaha ya kumwulia. Sikilizeni sababu. Kila mita 10 za kina, uzito wa maji huongeza kani nyingine sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Hewa itoshayo saa moja juu, kwa mita 10 hutosha nusu saa tu. Na mtu aliyevuta hewa ya mtungi chini, akapanda huku amezuia pumzi kwa hofu, hewa hiyo hupanuka kifuani na kuyapasua mapafu yake. Hata kina cha mita mbili chatosha kumwua. Yule azamaye kwa pumzi zake mwenyewe amezoea kuizuia. Akipewa mtungi bila mafunzo, mazoea yake ndiyo yatakayomwangamiza.

Kuna na ugonjwa wa viungo. Hewa ivutwayo kwa kani huingia katika damu. Mtu akipanda mbio hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, ikamlemaza au ikamwua. Ugonjwa huu haukuanza kwa watalii. Uliwapata wafanyakazi waliochimba chini ya mto kujenga daraja la Brooklyn mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1883. Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kumwonyesha mzamiaji namna ya kupanda kwa vituo. Kwa hiyo, leo mwajiri asiseme kwamba hakujua. Ni zaidi ya miaka 100 tangu jambo hili lijulikane.

Haya ndiyo masharti yetu. Yakateni, yabandikeni kwenye mlango wa stoo:

1. Asizame mtu asiyefunzwa na kupewa cheti, wala asiyepimwa na daktari. Mwenye mafua au kifua asizame siku hiyo.

2. Kwa kazi ya mtoni mtungi wa mgongoni hautoshi. Maji ya Tana ni matope. Mzamiaji haoni hata geji yake. Apelekewe hewa kwa mpira kutoka juu, awe na mtungi mdogo wa akiba, na simu ya kusema na walio juu.

3. Afungwe kamba ya uhai, na kamba ishikwe na mtu asiye na kazi nyingine. Mzamiaji wa pili awe amevaa tayari, si amelala kivulini.

4. Pampu izimwe kabla mtu hajashuka, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mzamiaji au mshika kamba wake. Mdomo wa pampu ukimvuta mtu, nguvu za wenzake hazitamng'oa.

5. Kompresa ivute hewa safi, mbali na moshi wa injini. Moshi ukiingia katika mpira, mtu hulala asiamke. Mitungi ichunguzwe ndani kila mwaka na kupimwa kwa kani kila miaka mitano.

6. Mkanda wa risasi ufunguke kwa mkono mmoja. Kisu kiwepo, kwa ajili ya nyavu na magugu.

7. Kupanda ni polepole, mita 9 kwa dakika zisizidi, bila kuzuia pumzi, na kutua dakika tatu kwenye mita tano. Haraka haraka haina baraka.

8. Kabla ya kushuka iulizwe hali ya mabwawa ya juu, tangu Masinga hadi Kiambere. Yakifurika, mto wetu hupanda hata kama Garsen hakuna mvua. Mlinzi wa mamba na viboko awepo ukingoni. Wakionekana, kazi ni kesho.

9. Oksijeni iwepo papo hapo, gari liwepo, na ijulikane mapema ni wapi penye chumba cha kutibia wazamiaji kifanyacho kazi. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Huo si mwendo wa kuanza kutafuta dereva.

Bwana mkubwa atasema kwamba haya ni ghali. Na sisi twauliza: ghali kuliko nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, atoe habari kwa msimamizi wake, wala asirudishwe pale kabla hatari haijaondolewa. Na aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yawapa haki warithi wa mfanyakazi aliyekufa kazini. Gunia la mchele si fidia.

Sasa neno kwetu wenyewe. Wako wenzetu wapokeao posho ya hatari kimya kimya na kushuka bila kamba. Ndugu, posho hiyo ni bei ya roho yako, tena ni bei ya chini. Na ukishuka wewe, mwenzako aliyekataa huitwa mvivu. Mmoja akikataa peke yake, atafukuzwa. Tukikataa sote, mpira wa hewa na kamba vitaletwa.

Mjumbe wa kila mahali pa kazi aandike tarehe, mahali, jina la aliyetoa amri na vyombo vilivyokosekana, aupeleke waraka ofisi ya chama. Maandishi hayo ndiyo yatakayojibu siku mtu atakaposema tena kwamba maji yamemchukua.

Bila vyombo, hatushuki.

UMOJA NI NGUVU.