Damu ya Mgonjwa Itazamwe Mapema

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Visiwani kama Bara, tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999 katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akiwa na umri wa miaka 77. Rais Benjamin William Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa msiba ule, na maradhi yaliyotajwa ni saratani ya damu. Tangu siku hiyo jina la maradhi hayo limekuwa midomoni mwa kila mtu, lakini maradhi yenyewe yamebaki kuwa fumbo. Wengi wetu tumeyahesabu kuwa ni maradhi ya wakubwa, yatibiwayo Ulaya, na ambayo mwisho wake ni kaburi tu. Fikra hiyo si sahihi, na inagharimu maisha ya watoto.

Tuanzie Chamwino. Hapo, katika nyanda kavu za Ugogo, Mwalimu alifyatua matofali pamoja na wanakijiji katika miaka ya 1970. Leo Chamwino ndipo ilipo Ikulu iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023, na wilaya hiyo imepata Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa kwa fedha zilizokuwa zitumike katika sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Tunakiri kwamba uamuzi huo ulitupendeza. Gwaride huisha kabla ya adhuhuri, wodi hubaki. Basi swali letu kwa maofisa wa Serikali zote mbili ni hili: mtoto wa Chamwino, au wa Wete kule Pemba, akifikishwa hospitali akiwa amepauka, ana homa isiyokwisha na vilio vya damu chini ya ngozi ambavyo mama yake hajui vimetoka wapi, ni nani atakayeitazama damu yake, na ataitazama lini?

Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Huko hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe ndogo zinazozuia damu kuvuja. Mtu akipatwa na saratani ya damu, chembe nyeupe zenye kasoro huzaana bila ya kiasi na kuujaza uboho, mpaka zile njema zikose nafasi. Ndipo mgonjwa huishiwa damu, hushikwa na homa mara kwa mara, fizi humtoka damu, mifupa humuuma hata mtoto akakataa kutembea, na pengine tezi au wengu huvimba. Maradhi haya hayaambukizi. Hayatokani na uchawi wala kijicho cha jirani. Mionzi mikali na kemikali ya benzini hujulikana kuyachochea, lakini kwa wagonjwa wengi daktari hawezi kuonyesha sababu yoyote, na mzazi asijilaumu.

Yako makundi manne makubwa, na tofauti zake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mawili ni makali, huja kwa kasi na huua kwa wiki au miezi yasipotibiwa; mawili ni sugu, huenda polepole. Kila fungu lina lile linaloanzia katika chembe za limfu na lile la chembe za mayeloidi. Lile kali la limfu ndilo linalowapata watoto zaidi. Lile kali la mayeloidi huwapata zaidi watu wazima, na tiba yake ni ngumu. Lile sugu la limfu ni la wazee, na mara nyingine daktari humwangalia mgonjwa kwa miaka bila ya kumpa dawa. Lile sugu la mayeloidi huvimbisha wengu mpaka tumbo likajaa, na si ajabu mgonjwa akapelekwa kwa mganga kwa kudhaniwa amerogwa.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Unguja na Pemba zimepigana na malaria mpaka yakawa machache mno, na Dodoma nayo ni miongoni mwa mikoa ya Bara yenye malaria kidogo. Hata hivyo mazoea ya zamani hayajatutoka: homa na upungufu wa damu bado huandikiwa dawa ya malaria, kisha vidonge vya kuongeza damu, kisha mgonjwa huambiwa arudi. Kipimo cha haraka cha malaria ni kitu chema na tunakisifu, lakini hujibu swali moja tu. Fundi wa maabara aliyeinamia hadubini kutafuta vijidudu vya malaria aliweza, hata kwa bahati, kuona chembe nyeupe za ajabu zimejaa mbele yake. Kile kijiti hakina jicho hilo. Baya zaidi ni pale mtoto anapopewa dawa za jamii ya prednisoloni kwa kubahatisha: maradhi hujificha kwa muda, homa hutulia, na uchunguzi wa baadaye huwa mgumu.

Kipimo cha kwanza si cha ajabu. Ni kuhesabu chembe zote za damu kwa mashine, kisha kuipaka damu juu ya kioo na kuitazama. Vyote viwili vinahitajika, kwani hesabu ya chembe nyeupe yaweza kuwa juu sana, au chini, au ya kawaida. Kikionekana cha kutia shaka, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, achomwe sindano ya kutoa uboho katika mfupa wa nyonga, na aina ya maradhi ijulikane. Kwa lile sugu la mayeloidi tunawakumbusha maofisa jambo moja: mashine za GeneXpert, zilizosambazwa kwa ajili ya kifua kikuu, zina pia kipimo cha kuitambua kasoro ya vinasaba inayoleta maradhi hayo.

Na tiba ipo. Mojawapo ya dawa kubwa za watoto, vinkristini, ilipatikana katika ua dogo la rangi ya waridi ambalo asili yake ni kisiwa cha Bukini, na ambalo wengi wetu tunalo uani bila ya kulijua thamani. (Mtu asichemshe majani yake, ni sumu, na dawa husafishwa kiwandani.) Kwa dawa hiyo na nyinginezo, katika nchi tajiri karibu watoto 9 katika kila 10 wenye lile kali la limfu hupona. Kwetu ni wachache zaidi, na Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2018 lengo la kuokoa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo mwaka 2030. Muhimbili hutibu watoto bila malipo kwa kushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha. Kwa lile sugu la mayeloidi kuna kidonge cha imatinibu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2001, ambacho wagonjwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wamekuwa wakikipata kwa msaada. Anayekimeza kila siku aweza kuishi miaka mingi akifanya kazi zake. Na pale Dodoma, hospitali iliyopewa jina la Rais Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu.

Lakini tiba ya mtoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Baada ya mwezi wa kwanza mtoto hunawiri, hucheza, hudai chakula, na baba huona amepona. Nauli imekwisha, nyumbani wako watoto wengine, shamba linangoja. Familia ya Pemba imevuka bahari mara mbili kufika Muhimbili, na hurudi. Maradhi nayo hurudi, yakiwa na nguvu kuliko kwanza. Hatuwezi kumlaumu baba huyo hali hatujamlipia boti.

Bajeti hujadiliwa kila mwaka, kwa Wawakilishi wetu Chukwani na kwa Wabunge wetu Dodoma, mwendo mfupi kutoka Chamwino. Tunawaomba wasiridhike na hesabu ya majengo. Waulize kwa hospitali moja moja, kwa jina: je, mashine ya kuhesabu damu inafanya kazi leo? Vitendanishi vilivyopo ni vya siku ngapi? Ni nani anayesoma damu kwenye kioo, na akienda likizo nani hushika nafasi yake? Mtoto aliyerudishwa mara ya pili kwa homa na upungufu wa damu hupimwa, au huongezwa vidonge? Na fedha za nauli ya mgonjwa na mzazi wake kurudi Dar es Salaam mara ya tatu, ya kumi na ya ishirini, zimeandikwa katika fungu gani?