Utamaduni Hauna Msimu

Wako watu wanaodhani kuwa utamaduni wa mjini Unguja huamka Februari na Julai, wageni wafikapo, kisha hulala. Dhana hii ni potofu, na yafaa ipingwe.

Hatuyalaumu matamasha. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yamewapa wasanii wetu jukwaa na kipato. Lakini jukwaa ni soko, na soko lisilo na shamba humaliza akiba ya ghala.

Shamba letu ni vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, ambamo kijana hujifunza udi na fidla kwa kukaa karibu na waliomtangulia, pasipo mtazamaji wala makofi.

Tazama pia mavazi. Kanga ina pindo, mji na jina. Mshonaji aikataye kwa ajili ya maonyesho, akalitupa jina, hakuifanya ya kisasa, ameinyamazisha.

Atasema mtu kwamba hata Mwaka Kogwa wa Makunduchi una msimu wake. Naam, lakini msimu huo umewekwa na hesabu ya miaka ya wenyeji, wala si ya wasafiri. Mgeni hukaribishwa, hangojewi.

Basi enyi walimu na wanafunzi, tusiulize ni wageni wangapi waliokuja mwaka huu. Tuulize ni vijana wangapi waliojua kupiga udi tangu tamasha lililopita. Jibu la swali hilo ndilo hesabu ya utamaduni wetu.